Matete, mafunjo na dawa iliyobaki kwa maji ya suweji

Wiki iliyopita nikiwa Dunga, ufukweni Kisumu, kijana mmoja wa mashua aliniuliza, "Injinia, si mnasafisha suweji ndio mnaachilia, sasa hizo dawa mnasema ziko kwa maji zinatoka wapi?" Zinatoka kwetu sisi wenyewe. Chukua antibayotiki, yaani dawa za kuua bakteria. Ukimeza amoksilini zaidi ya nusu inatoka na mkojo ikiwa bado dawa kamili, sipro (siprofloksasini) nayo karibu nusu, halafu huku western kuna Septrin, antibayotiki nyingine ambayo watu wengi wanaoishi na virusi vya ukimwi wamemeza kila siku miaka na miaka, na imeokoa maisha, mtu asiiache ati kwa sababu alisoma hapa. Lakini yote inaishia chooni.

Mitambo ya Kisat na mabwawa ya Nyalenda, ya kusafisha suweji hapa Kisumu, kazi yake ni kutoa kinyesi, harufu na vijidudu, haikujengwa kwa ajili ya antibayotiki. Kinachopita ni kidogo sana, tunapima kwa mikrogramu, na mikrogramu moja kwa lita ni kama gramu moja ndani ya lita milioni. Haitakuua. Shida ni bakteria wanaoishi ndani ya hayo maji, wanaizoea dawa polepole mpaka siku inatakikana hospitali haifanyi kazi.

Sasa mimea, yaani matete na mafunjo tunayopanda kwenye bwawa la suweji ili kupunguza hizo dawa. Wengi wanadhani mmea unakunywa dawa tu basi, na ni kweli unakunywa kiasi, unaifunga na kuificha ndani ya seli karibu vile ini letu hufanya na sumu, ndio maana wataalamu wengine huita mimea ini la kijani. Ila kazi kubwa iko kwa bakteria walioshikilia mizizi, kwa sababu mmea unawashushia oksijeni na sukari, na wao ndio wanavunjavunja dawa.

Na dawa hazifanani jamani! Sipro inashika tope na jua linaivunja haraka. Salfa iliyo ndani ya Septrin haishiki tope vizuri, inateleza na maji, hiyo inataka siku kadhaa kwenye mizizi. Ndio maana nakataa bwawa lote kufunikwa majani, ukifunika umefukuza jua. Mimi napendelea bwawa wazi lianze, matete yafuate.

Halafu lazima mtu aulize, mbona tusitumie hayasinti, lile gugu linaloelea majini, na imejaa Ghuba ya Winam huku ziwani Victoria? Inasafisha, mizizi yake ni mingi kama manyoya. Lakini hiyo kitu inajizidisha mara mbili kwa wiki mbili hivi au hata chini ya hapo, na bwawa linalomwaga ziwani siwezi kuliwekea mbegu ya hayasinti, wavuvi wameteseka nayo ya kutosha. Matete na mafunjo ni ya kwetu, yako tayari.

Kitu inaniuma ni kuvuna. Niliona mahali mimea imepandwa vizuri kabisa, ikashika, halafu hakuna aliyeweka pesa ya kukata, ikazeeka ikaanguka ikaoza humo humo, na sehemu ya kile ilichobeba ikarudi kwa maji. Kata ikiwa bado kijani, juu ya maji, uache mizizi maana bakteria wako huko. Na usipelekee ng'ombe, hata kama kiangazi kimebana na jirani anakuomba, kausha iende kwa moto.