Jino Kuacha Kuuma Si Kupona

"Liliuma wiki nzima, sasa limetulia, kwa hiyo sioni haja ya kuja." Kauli hii imenichosha. Wengi wanaoitoa huja baadaye uso umevimba, wakati jino ambalo lingezibwa kwa kikao kimoja limeshafikia kung'olewa.

Jino likishatoboka, halijizibi. Madoa meupe ya mwanzo kwenye enameli, gamba gumu la nje la jino, kabla tundu halijatokea, yanaweza kusimamishwa kwa floraidi na usafi. Tundu lililoishia kwenye dentini, tabaka lililo chini ya enameli, tunakwangua kilichooza, tunaziba, basi. Hapo sina mengi.

Tatizo liko kwenye kiini cha jino. Ni nyama laini yenye neva na mishipa ya damu, iliyofungiwa ndani ya kuta ngumu zisizotanuka. Bakteria wakiikaribia huvimba, ila haina pa kuvimbia. Shinikizo linapanda, damu inashindwa kupita, nyama inakufa. Mwanzoni maji baridi hushtua jino na maumivu huisha mara moja. Mara nyingi kiini hicho bado kinaokoka tukiziba. Maumivu yakibaki nusu dakika au zaidi baada ya baridi kuondoka, au yakikuamsha usiku bila kuchokozwa, kwa kawaida kiini kimeshazidiwa. Kisha ghafla, kimya. Neva iliyokuwa inaleta maumivu imekufa, na huo ndio utulivu ambao watu wanauita kupona.

Bakteria sasa wana nyama mfu ya kula, na hakuna damu ya kuleta kinga. Wanashuka hadi ncha ya mzizi na kutokea kwenye mfupa. Unaweza kuhisi jino limerefuka, likikutana na jino la taya ya pili unapouma linauma. Au usaha unajitoboza njia na kutokea kama kipele kwenye ufizi, kinajaa, kinapasuka, kinajaa tena, bila maumivu kwa sababu shinikizo limepata pa kutokea. Eksirei nayo isikutulize mapema: mfupa hupoteza madini mengi kabla kivuli hakijaonekana kwenye picha.

Halafu kuna vidonge vya "kukausha usaha". Antibayotiki husafiri kwa damu, na ndani ya jino lililokufa damu haifiki. Uvimbe wa nje unaweza kupungua, chanzo kinabaki palepale. Kwa jino linalouma tu, bila homa wala uvimbe unaosambaa, hazisaidii chochote. Mtu mzima anayehitaji kutuliza maumivu hadi afike kliniki, ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli miligramu 1,000 hufanya kazi vizuri kuliko moja peke yake. Ibuprofeni asitumie mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, mjamzito, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Aspirini usiibandike kwenye ufizi: inaunguza.

Kiini kikishakufa njia ni mbili: kung'oa au kutibu mzizi. Kutibu mzizi ni ganzi, pazia la mpira ili mate yasiingie, kutoboa juu ya jino, kusafisha mifereji, yaani njia nyembamba za kiini ndani ya mizizi, kwa tupa nyembamba huku tukiosha kwa haipokloraiti ya sodiamu, dawa ya kuua bakteria, kisha kujaza kwa gutapacha, utomvu mfano wa mpira, hadi karibu milimita moja kabla ya ncha ya mzizi. Kinachoharibu kazi mara nyingi ni mfereji uliosahaulika. Gego la kwanza la juu huwa na wa nne, mwembamba, uliojificha. Kingine ni kuziba juu kunakovuja, au gego kuachwa bila kofia ya kulifunika hadi likapasuka.

Vitabu hupanga hatua hizi kwa usafi kuliko zilivyo mdomoni. Kipimo cha baridi, cha kuligusisha jino kitu baridi, hupima neva, hakipimi damu; jino lililogongwa linaweza kukaa wiki kadhaa bila kuitikia nalo liko hai. Gego moja linaweza kuwa na mfereji uliokufa na mwingine unaotoka damu. Siku hizi kwenye baadhi ya meno tunakata sehemu ya juu ya kiini tu na kufunika kilichobaki kwa saruji ya kalsiamu silikati, hata jino likiwa linauma vibaya. Matokeo yanatia moyo, lakini jino lipi linafaa silijui kabla ya kulifungua. Nabana pamba iliyolowa juu ya kiini kilichobaki: damu ikikatika ndani ya dakika chache naendelea, isipokatika naingia mzizi.

Jambo moja halisubiri miadi. Uvimbe ukishuka chini ya taya au ukinyanyua ulimi, mdomo ukikataa kufunguka, kumeza kukiwa kugumu au pumzi ikibana, nenda hospitali yenye huduma ya dharura saa hiyohiyo, hata kama jino lenyewe haliumi.