Usanifu wa vyombo vya anga si upambaji

Kila wanafunzi wa kidato cha nne wanapochagua tahasusi hapa Mwanza, hakosekani mtu wa kuwaambia kwamba huko nje kuna kazi ya "kupendezesha vyombo vya anga": wahandisi wakishamaliza, anaitwa mtaalamu wa rangi na maumbo. Kazi ipo. Maelezo hayo ndiyo siyo, na yanawakimbiza vijana ambao wangeifaa kabisa.

Kazi yenyewe ni usanifu wa bidhaa unaoanzia kwa mtumiaji; kwa kifupi, ni kuamua kifaa kiweje kwa kutazama kwanza mwili wa atakayekitumia, kazi yake na mahali atakapokuwa. Mtumiaji akiwa mwanaanga, kifaa chaweza kuwa glavu, meza, choo au dirisha.

Mpambaji huja mwishoni, lakini msanifu asipokuwepo kabla chuma hakijakatwa, amechelewa. Chukua Skylab, kituo cha Marekani kilichorushwa mwaka 1973. NASA, shirika la anga la Marekani, ilikuwa imemwita Raymond Loewy, msanifu wa bidhaa, tangu 1967. Alishikilia pawepo dirisha la kutazama nje, na kila mwanaanga awe na sehemu yake ya faragha ya kulala. Dirisha la namna hiyo ni tundu kwenye ukuta unaozuia hewa isitoke. Huwezi kulibandika baadaye.

Skylab hiyo hiyo ilionyesha kwamba mwili usio na uzito hausimami wima. Magoti hujikunja, mabega hupanda, mikono huelea mbele ya kifua. Meza yenye kimo cha kiuno, ambayo huku duniani haina kasoro, kule humlazimu mtu kukaza misuli ya tumbo muda wote ili ainame na kuifikia. Hata ungeipaka rangi gani, tumbo litachoka tu.

Au tazama Machi 2019. Wanawake wawili, Anne McClain na Christina Koch, walipangwa kutoka pamoja nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga. McClain alikuwa ameshatoka mara moja, akabaini kwamba sehemu ya kifuani ya vazi la anga yenye ukubwa wa kati ndiyo inayomkaa. Ya ukubwa huo iliyokuwa tayari kwa siku hiyo ilikuwa moja tu, wakabadilisha mpango. Wanawake wawili walitoka pamoja Oktoba 18 mwaka huo, Koch na Jessica Meir. Vazi lilikuwa zima, halina hitilafu yoyote; mwili wa mvaaji ndio haukuwa umefikiriwa vya kutosha.

Wavuvi wa dagaa ziwani wangelielewa hili upesi. Swichi ya taa inayobonyezeka vizuri dukani mchana yaweza kuwa kero usiku, mtumbwi ukiyumba na vidole vikiwa vimelowa na kuteleza kwa magamba. Anayetaka kuisanifu vizuri hana budi kupanda mtumbwini usiku.

Njia ya kuingilia si moja. Wengine hutokea usanifu wa bidhaa, wengine usanifu majengo, wengine uhandisi mitambo au elimu ya mwili na utendaji wake. Chuo Kikuu cha Houston kina shahada ya uzamili ya usanifu wa anga. Ajira za serikali ndani ya NASA kwa kawaida ni za raia wa Marekani, na kijana aambiwe hilo mapema. Hapa nyumbani Chuo Kikuu Ardhi kinafundisha usanifu majengo, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Kampasi ya Mwanza, inafundisha teknolojia ya ngozi, ambako utajifunza kukata kiatu kimkae mtu bila kumchubua. Huo ni mwanzo halali kabisa.

Kwa hiyo, mwalimu, mwanafunzi anayependa fizikia na baiolojia, na ambaye haachi kuuliza kwa nini dawati linamuumiza mgongo, tafadhali usimwambie kazi hii si yake eti kwa sababu hajui kuchora maua. Kuchora atafundishwa chuoni.