Dhana potofu kuhusu kuvua kapu kwa fimbo na rili

Wateja wangu wa Mombasa wanaojiandaa kwenda Naivasha au bwawa la Masinga huingia dukani kwangu, ninakouza zana za uvuvi, na dhana ambayo nimechoka kuisikia, kwamba kapu, kwa kuwa ni samaki mzito, huvuliwa kwa zana zilezile za kolekole: mshipi mnene, ndoana kubwa na waya wa chuma. Aliyezoea kuvua nje ya mwamba wa Nyali haniamini ninapomwambia aviache vyote hivyo nyumbani.

Kapu hana hata jino moja midomoni. Meno yake yako kooni, nyuma ya matamvua, na kazi yake ni kusaga konokono na mbegu, kwa hiyo waya wa chuma, ambao kazi yake ni kuzuia meno ya samaki yasikate mshipi, haumsaidii mvuvi lolote. Wala hashambulii chambo kwa kasi kama kolekole anayefukuza dagaa; huinamisha kichwa matopeni, hufyonza chakula pamoja na tope lenyewe, hukionja, na akihisi kitu kigumu au kizito hukitema papo hapo. Ndoana kubwa hutemwa kabla ncha ya fimbo haijatikisika, kisha mvuvi hurudi Mombasa akidai kuwa ziwa halina samaki. Mshipi unaohimili uzito wa kilo 5 hadi 7 unatosha kabisa, mradi breki ya rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, ilegezwe kiasi cha kumwacha samaki akimbie. Ndoana iwe ndogo, namba 6 au 8, na ncha yake ibaki wazi. Wavuvi wa Uingereza hutunga chambo kwenye kiuzi kifupi kinachoning'inia chini ya ndoana, ili samaki anapofyonza chambo ndoana iingie nacho, na anapokitema imnase mdomo wa chini.

Kuhusu chambo sina mjadala: mahindi. Yalowekwe usiku kucha, yachemshwe hadi yapasuke, kisha yaachwe katika maji yake siku 2 au 3 yachachuke. Mahindi makavu yasitupwe ziwani, kwani huvimba ndani ya samaki. Vijiko vya kung'aa, yaani chambo bandia cha chuma, waachiwe wanaowinda besi, samaki aliyeletwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920.

Wapo pia waliotazama video za samaki wanaoruka juu ya mashua katika mto Illinois, Marekani, wakadhani ndio hawa wetu. Wale ni kapu wa rangi ya fedha, wanaochuja viumbe vidogo mno majini, na mahindi yaliyolala chini hawana haja nayo. Wa Naivasha ni kapu wa kawaida, Cyprinus carpio kwa jina la kisayansi.

Kwamba kapu haliki kwa sababu ya miiba, anayekula mwatiko, samaki wa pwani mwenye miiba mingi, hana haki ya kulisema hilo. Nyama ikatwe mikato ya karibu karibu ili miiba midogo ikatike, ikaangwe kwa mafuta ya moto sana.

Dhana ya hatari zaidi ni kwamba hakuna ubaya kusafirisha kapu hai na kuwaachia katika mabwawa ya Kwale au Kilifi. Inaaminika kuwa Naivasha walifika na mafuriko, wakitoka katika vidimbwi vya kufugia, na kufikia 2010 ndio waliokuwa sehemu kubwa ya samaki waliovuliwa ziwani. Jike mmoja hutaga mayai mamia ya maelfu, na kundi lao huvuruga tope na kung'oa mimea ambamo samaki wengine huzaliana. Fimbo zetu zote haziwezi kuwamaliza wakishaenea, kwa hiyo anayetaka kununua ndoo na pampu ya hewa kwa kazi hiyo, mimi simuuzii.