Sare ya Mkubwa na Mdogo Mtandaoni: Kabla Hujasema Wamebebana

Yakimalizika mashindano ya sataranji ya mtandaoni, haipiti muda makundi ya WhatsApp ya wachezaji wa Dar es Salaam yanapokea picha ya matokeo: mwenye reitingi ya 1900 katoka sare na mwenye 1500, pengine hata 1200. Chini yake maneno ni machache. "Wamebebana." "Mechi imeuzwa hiyo." Kufika asubuhi jina la kijana limeshazunguka mpaka shuleni kwake, na hakuna hata mmoja aliyeufungua mchezo wenyewe akaupitia hatua kwa hatua. Sisi waamuzi tunaopokea malalamiko ya aina hii tunaona pande zote mbili zikiumia. Wapo wanaopanga matokeo kweli, na wapo wanaochafuliwa jina bure. Naeleza hapa jinsi sare kama hiyo inavyochunguzwa, ili nawe uweze kuichunguza kabla ya kuandika chochote.

Reitingi ni makadirio tu ya nguvu ya mchezaji. Hesabu yake ilibuniwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia wa Marekani mwenye asili ya Hungaria, na FIDE, shirikisho la dunia la sataranji, likaanza kuitumia mwaka 1970. Kwa hesabu hiyo, anayemzidi mwenzake alama 400 anatarajiwa kuvuna kama pointi 91 katika michezo 100. Ushindi ni pointi moja na sare ni nusu, kwa hiyo pointi 91 hazina maana ya ushindi 91. Akishinda michezo 86, akatoka sare 10 na kupoteza 4, pointi zake ni zilezile 91. Maana yake sare za mkubwa na mdogo wa reitingi zimo tayari ndani ya hesabu. Mashindano yakiwa na wachezaji wengi na raundi nyingi, cha kushangaza kingekuwa kutokuona hata moja.

Mwaka 2004 kule Reykjavík, mtoto wa miaka 13 alikaa mbele ya Garry Kasparov, aliyekuwa namba moja wa dunia, akiwa amezidiwa zaidi ya alama 300. Mchezo wao wa kwanza ukaisha sare. Mtoto huyo alikuwa Magnus Carlsen, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia. Kwa mtindo wa makundi yetu, usiku uleule angeshaitwa tapeli.

Reitingi ya mtandaoni nayo ina kasoro zake. Kwenye Lichess, mtandao ambao vijana wengi huupenda kwa kuwa ni wa bure, akaunti mpya huanza na 1500 hata kama mwenyewe ni bingwa wa mkoa. Mfumo ukiwa bado haumfahamu vizuri mchezaji, huweka alama ya kuuliza kando ya namba yake. Ukiiona alama hiyo, usijenge hoja yoyote juu ya tofauti ya reitingi. Wala usichukue namba ya mtandao mmoja ukailinganisha na ya mtandao mwingine, au na ile ya FIDE. Vipimo ni tofauti.

Ukishaelewa namba, angalia sare imepatikanaje. Hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Matokeo ya nusu kwa nusu hayasemi kwamba watu wamekubaliana. Huenda nafasi ileile ya ubao imejirudia mara 3. Huenda mwenye zamu hana hatua halali hata moja ilhali mfalme wake hatishiwi, jambo linalowapata sana wenye nguvu wanaokimbizana na saa huku wana malkia wawili ubaoni. Huenda muda wa mmoja umeisha wakati mpinzani wake amebaki na mfalme peke yake. Mpinzani huyo hawezi kushinda, kwa hiyo mfumo wenyewe unaandika sare. Sababu huandikwa mwishoni mwa mchezo. Ukiona haikuandikwa kwamba ni kwa makubaliano, tuhuma ya kukubaliana imekosa miguu, isipokuwa kama hatua zenyewe zinaonyesha wawili wanarudisha farasi mbele na nyuma tangu mwanzo.

Ikiwa kweli ni makubaliano, tazama ubao ulivyokuwa dakika ile na saa zilivyosoma. Mkubwa aliyebakiza sekunde 4 dhidi ya dakika nzima ya mpinzani ana sababu nzuri ya kukubali sare hata kama anaongoza. Vivyo hivyo aliyeona kwamba mfalme wake atatishiwa mfululizo bila pa kujificha. Wengine bando linakata, wengine umeme umezimika na simu ina asilimia 3. Lakini mwenye ngome mbili zaidi, muda tele na mfalme salama, anapokubali sare katika hatua ya 14, hapo mwamuzi ana haki ya kumwita na kumwomba maelezo. Kumwita si kumhukumu.

Ushahidi mzito zaidi hutokana na mchezo zaidi ya mmoja. Tuseme tofauti ni kubwa kiasi kwamba mdogo anapata sare mara 3 tu katika michezo 100. Sare moja haishangazi. Sare tatu mfululizo kati ya akaunti zilezile mbili, kwa hesabu hiyo, zinatarajiwa chini ya mara 3 katika kila majaribio 100,000. Ndiyo maana tukipata lalamiko, swali letu la kwanza ni kama wawili hawa wamewahi kukutana, waliishia vipi, na nani alihitaji nusu pointi siku ile. Tunaangalia pia kama huyo mkubwa huwaachia wengine, au ni huyu mmoja tu.

Na kosa lenyewe ni lipi? Kanuni za FIDE zinaruhusu wachezaji kukubaliana sare mchezo ukiwa unaendelea, mradi kila mmoja amecheza angalau hatua moja, na mradi kanuni za mashindano hazijaweka masharti mengine. Kosa ni kupatana kabla. Kule Curaçao mwaka 1962, kwenye mashindano ya kumtafuta mpinzani wa bingwa wa dunia, Wasovieti watatu, Petrosian, Keres na Geller, walicheza wao kwa wao michezo 12 na yote ikaisha sare. Mmarekani Bobby Fischer, aliyekuwa akishindana nao, akalalamika hadharani, na FIDE ikaacha mfumo ule wa ligi kwa ajili ya kumpata mpinzani wa bingwa, ikaleta mechi za mtoano. Mwaka 2023 kule Samarkand, kwenye ubingwa wa dunia wa mchezo wa kasi, Daniil Dubov na Ian Nepomniachtchi walizungusha farasi wao ubaoni kama wanacheza ngoma, kisha wakapeana sare. Wote wawili wakaandikiwa sifuri. Hawa hawakuwa mkubwa na mdogo, ni vigogo watupu. Tofauti ya reitingi haizalishi kosa, na usawa wa reitingi hauliondoi.

Kuna sare nyingine inayonisumbua kuliko zinazouzwa kwa fedha, nayo ni sare ya wema. Mwalimu amepangwa na mwanafunzi wake, anamwachia nusu pointi ili ampe moyo. Kaka anamwonea huruma mdogo wake aliyepoteza raundi tatu. Kijana anaombwa sare na mzee wa klabu, anaona haya kukataa, ingawa nafasi yake ni nzuri. Kwetu kumheshimu mkubwa ni malezi, na sitaki malezi hayo yapotee. Ila nusu pointi ile si mali ya wawili hao. Katika mfumo wa Uswisi, pointi ndizo zinazopanga nani akutane na nani raundi inayofuata, kwa hiyo zawadi ya mwalimu kwa mwanafunzi hulipwa na mtu wa tatu ambaye hakuulizwa. Reitingi nazo zinapindika: kwa tofauti ya alama 400 na kipimo cha 20 ambacho FIDE hukitumia kwa wachezaji wengi kuamua mchezo mmoja usogeze reitingi kiasi gani, sare moja inampandisha mdogo alama kama 8 na kumshusha mkubwa kiasi hichohicho. Mwanafunzi naye anabaki na namba asiyoweza kuitetea. Mwalimu anayempenda mwanafunzi wake amfunge, kisha wakae waupitie mchezo pamoja. Na wewe kijana, kumjibu mzee "shikamoo" na kukataa sare yake ni mambo mawili yanayokaa pamoja bila tatizo lolote.

Ukiwa bado na mashaka baada ya kuyapitia haya yote, chukua kiungo cha mchezo, majina ya akaunti, raundi na saa, pamoja na mazungumzo yoyote uliyoyaona, umpelekee mwamuzi mkuu moja kwa moja au utumie kitufe cha kuripoti kilichopo kwenye mtandao husika. Usiyabandike kwenye kundi. Mtu akishaitwa mwizi mbele ya watu mia mbili, uamuzi wa kumsafisha huwafikia wachache sana, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa anayesambaza uongo kwa makusudi ili kumchafua mwenzake.

Waandaaji nao wana kazi yao. Mashindano ya mfumo wa Uswisi ndani ya Lichess hayaruhusu kukubaliana sare kabla ya hatua 30, na yale ya uwanja wazi, ambayo mchezaji akimaliza mchezo hupangiwa mwingine papo hapo mpaka muda uishe, hayatoi pointi yoyote kwa sare ya ndani ya hatua 10. Vizuizi hivi haviwazuii waliopatana kwa simu tangu jana, ila vinawalazimisha kucheza hatua nyingi za uongo, na hatua za uongo huacha alama tunazoweza kuzisoma. Anayeandaa mashindano hapa Dar, hata ya klabu ndogo yenye zawadi ya begi la shule, aandike sharti lake la sare kwenye tangazo, kabla ya raundi ya kwanza. Sharti likitungwa baada ya sare kutokea, mwamuzi hawezi kulitumia dhidi ya mtu yeyote.