Mshono wa kauri hupimwa ukiwa moto

Mtepe wa Lamu haukupigiliwa misumari. Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi, na aliyetaka kujua nguvu ya chombo aliikagua kamba. Kauri za viwandani ni vivyo hivyo. Nitridi ya silikoni, kauri ya silikoni na nitrojeni, huvumilia zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi, lakini ukiiunganisha kwa lehemu ya fedha, shaba na titani, mshono huanza kulegea karibu na nyuzi 500. Mchanganyiko wa fedha na shaba huyeyuka kwenye 780. Katika joto linalogeuza tumbawe kuwa chokaa, karibu 900, mshono huo ungetiririka.

Kazi yenyewe huifanya titani, ingawa ni kama asilimia 2 tu. Huungana na nitrojeni ya kauri na kuacha utando ambao lehemu hukubali kuushika. Tanuri la ombwe likivuja, titani hunyakua oksijeni kwanza, na lehemu hujikusanya kama maji juu ya jani la myugwa. Lehemu iwe na unene wa mikroni 50 hadi 100, ipashwe nyuzi 850 kwa dakika 10, kisha poza polepole: lehemu husinyaa mara tano au sita zaidi ya kauri, na papara hupasua kauri kando ya mshono.

Kipimo ni kijiti cha milimita 3×4×45, mshono katikati, kingo zimelainishwa. Kijiti hulazwa juu ya nguzo mbili na kubanwa kutoka juu na nyingine mbili hadi kivunjike: za chini ziachane milimita 40, za juu 20. Kwa vipimo hivyo, kani ya niutoni 360 huleta mkazo wa megapaskali 300. Kipimajoto kikae jirani na mshono, si ukutani mwa tanuri. Subiri dakika 15 kabla ya kubana. Andika pia mwendo wa kubana, maana lehemu moto ikibanwa taratibu hutambaa na namba hushuka.

Kisha tazama mvunjiko. Ukiwa baridi, mara nyingi hupita ndani ya kauri. Kwenye nyuzi 600, lehemu yenyewe ndiyo hunyumbuka na kuchanika. Kauri ikivunjika safi kwenye 600, mimi hushuku kipimajoto kwanza.

Kwa joto la juu zaidi ya hapo, badala ya lehemu hutumika kioo cha itria (oksidi ya itriamu), alumina (oksidi ya alumini) na silika, nacho hulainika karibu na 900 au 1,000. Hapa pwani nacho kina adui: chumvi. Sodiamu ya upepo wa bahari, au ya jasho la vidole, hushusha joto la kulainika, kwa hiyo vipande vilivyooshwa vifungiwe kwenye kopo kavu na vishikwe kwa glavu.