Je, wajua kwa nini mwenye baipola hushindwa kujizuia?

Baba mdogo alikuwa mvuvi wa dagaa mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Kuna wiki moja alilala kwa muda wa saa mbili tu kila usiku, na wala hakuchoka. Akaongea mfululizo. Siku ya tano akauza injini ya boti kwa bei ya kutupa, akarudi na mkokoteni umejaa mabati. Anajenga hoteli.

"Baba Neema, kesho ziwani mtaenda na nini?" mama mdogo akamuuliza. Akacheka tu, akatoka kwenda kukopa.

Mtaani walisema karogwa. Miezi miwili baadaye alikuwa amejilaza, hataki hata dirisha lifunguliwe. Hospitali wakatuambia ni baipola, ugonjwa ambao hisia hupanda mno kisha zikaporomoka.

Lakini kwa nini hakujizuia? Wataalamu humlaza mtu ndani ya MRI, mashine inayopiga picha za ubongo, na kumwonyesha herufi mojamoja: bonyeza kitufe kila herufi inapotokea, isipokuwa X. Kidole kimeshazoea kubonyeza, kwa hiyo kukizuia ni kazi. Kazi hiyo hutegemea sana eneo la mbele ya ubongo, upande wa kulia, nyuma ya paji la uso. Kwa wagonjwa waliopandwa na hisia, eneo hilo huonekana kufanya kazi kidogo kuliko kwa watu wengine. Wakati huohuo amigdala, kiini kidogo kilicho ndani zaidi kinachoshughulika na hisia, mara nyingi huchachamaa. Msukumo umeongezeka, breki imelegea. Ndiyo maana kumwita baba mdogo mjeuri kunaniumiza mpaka leo.

Tofauti hizo huonekana makundi ya watu yanapolinganishwa. Picha ya ubongo peke yake haimtambui mgonjwa mmoja. Daktari bado anahitaji maelezo ya mgonjwa na ya walio karibu naye.

Dawa zipo. Mwaka 1949 daktari John Cade wa Australia aliandika jinsi chumvi ya litiamu ilivyowatuliza wagonjwa wa aina hii, na hadi leo inatumika. Ikizidi mwilini ni sumu, hivyo damu hupimwa mara kwa mara.

Baba mdogo amerudi ziwani. Mama mdogo ndiye anayehesabu usingizi wake: zikipita siku mbili hajalala vizuri, wanapanda bajaji wote wawili kwenda kliniki, na pesa za dagaa anazishika yeye. Walikubaliana hivyo baba mdogo akiwa ametulia.