Makauboi Hawakuimba Sauti Tatu Malishoni

Alhamisi, baada ya mazoezi, niliwachezea vijana wangu wanne rekodi ya mwaka 1934 ya Sons of the Pioneers, kundi la Marekani lililoimba nyimbo za makauboi. Walinyamaza mpaka mwisho. Kisha yule wa besi akasema: "Mwalimu, hawa wamekulia na ng'ombe. Wamekaa porini wakiimba pamoja tangu utoto, ndiyo maana sauti zinashikana."

Si kosa lake. Maneno hayohayo nimeyasikia kwa mtangazaji wa kipindi cha kantri, kwa bwana aliyekuwa akiniuzia santuri, na kwa mwalimu mwenzangu wa kwaya ambaye masikio yake nayaheshimu sana. Kila mara nilijibu kwa sentensi mbili nikanyamaza. Safari hii nayaandika yote, kwa sababu imani hii inawanyima watu haki yao, na mbaya zaidi inawafanya vijana wangu waamini kwamba kuoana kwa sauti huja kwa kuzaliwa mahali fulani.

Tuanze na watu wenyewe. Leonard Slye, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Roy Rogers, nyota wa filamu za makauboi, alizaliwa Cincinnati, Ohio, akafanya kazi katika kiwanda cha viatu, na alipofika California alichuma mapichi kwa ujira. Bob Nolan alizaliwa Winnipeg, Kanada. Alikuwa mwokoaji wa waogeleaji ufukweni, na mwaka 1931 alijibu tangazo la gazeti lililokuwa likitafuta mwimbaji anayejua kuyodeli, yaani kurusha sauti haraka kutoka kifuani kwenda kichwani na kurudi. Aliyeweka tangazo ni Slye. Wa tatu, Tim Spencer, alizaliwa Missouri na alikuwa akifanya kazi ghalani mjini Los Angeles. Hao ndio watatu walioanza mwaka 1933. Hugh Farr, mpiga fidla mwenye besi nzito, na mdogo wake Karl, mpiga gitaa, ndio waliotoka Texas, nao waliingia baadaye. Wale watatu wa mwanzo walipanga nyumba moja Hollywood wakaimba kwa saa nyingi kila siku, wiki baada ya wiki, mpaka wakawa wanavuta pumzi mahali pamoja. Hilo ndilo pori lao.

Sasa makauboi wa kweli. Enzi ya kuswaga ng'ombe kutoka Texas kwenda kwenye reli za Kansas ilidumu kama miaka ishirini tu, tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865. Kwa makadirio, robo hivi ya wale wachungaji walikuwa watu weusi, wengi wao waliotoka utumwani, na wengine Wamexico, ambao kazi yenyewe ilianza kwao; ndiyo maana msamiati wake umejaa Kihispania. Waliimba? Ndiyo, waliimba. Usiku kundi la ng'ombe elfu mbili au tatu likilala, walinzi wawili walilizunguka juu ya farasi, wakiimba taratibu ili mnyama ajue mtu yuko wapi na asishtuke. Ng'ombe wakishtuka gizani wanatimua mbio, na mtu anakufa.

Lakini tazameni jinsi walivyozunguka. Mmoja alikwenda upande huu, mwenzake upande ule, wakipishana mara mbili kila mzunguko. Kazi yenyewe iliwataka wawe mbali. Huwezi kuimba tersi, yaani sauti ya pili iliyo noti mbili juu ya ya kwanza, na mtu aliye ng'ambo ya ng'ombe elfu tatu! Ule ulikuwa uimbaji wa mtu mmoja, sauti moja, bila ala. Gitaa lilikuwa kubwa mno kubebwa juu ya farasi. Fidla au kinanda cha mdomo kingeweza kuwepo kwenye gari la mpishi, basi.

Hapa niseme jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Habari nyingi za uimbaji ule wa usiku tumezipata kwa wazee walioandika kumbukumbu zao miaka thelathini au arobaini baadaye, wakati kauboi alikwisha kuwa shujaa wa majarida na maonyesho. Na John Lomax, aliyetoa mkusanyo wake mashuhuri wa nyimbo za makauboi mwaka 1910, aliunganisha beti za waimbaji mbalimbali kuwa wimbo mmoja. Kwa hiyo hata ninaposema "waliimba hivi", nasimama juu ya daraja ambalo mbao zake zimebadilishwa njiani. Nalivuka, lakini natazama chini.

Je, nyimbo zenyewe zilitoka wapi? Nyingi zilitoka kwenye karatasi. Chukueni "Home on the Range", ambao kila mtu anaapa kwamba ulizaliwa juu ya tandiko la farasi. Maneno yake ni shairi la daktari, Brewster Higley, lililoandikwa katika kibanda huko Smith County, Kansas, mwanzoni mwa miaka ya 1870. Muziki aliutunga jirani yake Daniel Kelley, seremala aliyepiga fidla. Lomax aliupata San Antonio kwa mtu mweusi mwenye baa, aliyekuwa zamani mpishi wa misafara ya ng'ombe. Mwaka 1934, wimbo ukiwa unavuma redioni, mume na mke kutoka Arizona walifungua kesi ya nusu milioni ya dola wakidai ni wao. Wimbo ukaondolewa hewani. Mwanasheria wa upande ulioshtakiwa akafunga safari ya kuuliza wazee, mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika Kansas. Daktari na seremala. Nimewahi kumweleza mtu kisa hiki chote, akanijibu, "Lakini una roho ya porini." Unayo, naam. Roho hiyo iliwekwa mle na daktari.

Na "Bury Me Not on the Lone Prairie"? Maneno yake yametoholewa kutoka shairi la kasisi Edwin Chapin la mwaka 1839, la mtu anayesihi asizikwe baharini. Waliondoa bahari wakaweka mbuga.

Halafu kuna Stephen Foster, mtunzi wa nyimbo, na hapa ndipo ninapopata taabu. Foster alizaliwa karibu na Pittsburgh mwaka 1826, kaskazini kabisa. "Old Folks at Home" aliutoa mwaka 1851, kabla hajafanya safari yake pekee ya Kusini, mwaka 1852. Jina la mto Suwannee lilitafutwa kwenye ramani kwa sababu silabi zake zilikaa vizuri. Florida, ambako hakuwahi kufika, iliufanya wimbo wa jimbo mwaka 1935, wakati uleule makundi ya makauboi yalipokuwa yakipanda chati. Na wimbo huo haukutungiwa mchungaji wala mkulima. Ulitungiwa jukwaa la minstreli: Wazungu waliojipaka masizi usoni wakiigiza watu weusi ili watazamaji wacheke. Makundi ya redio yalipozichukua nyimbo hizi yalipunguza mwendo, yakaondoa banjo ya vichekesho, yakaweka fidla inayolia, na msikilizaji wa mwaka 1940 akasikia tu mtu aliyekumbuka nyumbani.

Mimi nafundisha nyimbo hizi, na sijatulia nazo. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa akawa mwandishi mpinga utumwa, mwaka 1848 aliwalaani waimbaji wa minstreli kwa maneno makali kabisa. Mwaka 1855 mtu huyohuyo alizitaja baadhi ya nyimbo za namna hiyo, "My Old Kentucky Home" wa Foster mojawapo, kuwa zinaamsha huruma kwa mtumwa. Kentucky yenyewe ilibadilisha neno la dharau katika wimbo huo mwaka 1986. Kuna miaka nimezifundisha kwa maneno yaliyosafishwa, na kuna miaka nimewasomea vijana maneno ya asili kwanza, kisha tukaimba yaliyosafishwa. Mara zote mbili nimerudi nyumbani nikiwa na mashaka.

Turudi kwenye sauti, maana hilo ndilo lililoniudhi Alhamisi. Uimbaji wa kubanana kwa sauti ndani ya oktavu moja, yaani kati ya do na do inayofuata, ulikwishapevuka kabla kauboi yeyote hajasimama mbele ya maikrofoni. Vikundi vya watu weusi viliuimba kwa vinyozi, vijiweni na makanisani tangu karne ya 19, na kundi la wanaume wanne la injili lilikuwa kitu cha kawaida Kusini kufikia miaka ya 1920. Wavaa kofia kubwa waliukuta, wakaujifunza, wakauongezea yodeli. Kuiita sauti hiyo zawadi ya malisho ni kuwafuta watu walioijenga.

Tena haifanyi kazi kama kwaya zetu. Kwetu sauti kuu iko soprano, juu kabisa. Kwao iko katikati. Teno anakaa juu yake, akiimba kwa wepesi kiasi kwamba ukimwona anasikika, amekosea. Baritoni anaokota noti iliyobaki. Sauti kuu ikiteremka m, r, d (mi, re, do), teno anateremka s, f, m, hana shida. Baritoni anapata d, t, kisha anadondoka s ya chini. Yeye ndiye anayeruka, na yeye ndiye ambaye hakuna anayemkumbuka. Nimesikia vikundi vingi vikimpa nafasi hiyo yule asiyejua kuimba vizuri, na kila mara ndipo wimbo unapobomoka. Mpeni mwenye sikio kali kuliko wote. Vokali nazo: watatu wakiimba "a" tatu tofauti, hata noti zikiwa sahihi, kodi, yaani noti zinazolia pamoja, haifungi. Na yodeli ya watatu inadai wote waruke kutoka kifuani kwenda kichwani kwa wakati mmoja. Akichelewa mmoja, wimbo umeharibika.

Kwa nini basi redio zilijaa nyimbo hizi kuukuu? Mapenzi yalikuwepo, na sheria ilikuwepo. Wimbo wa Foster haukuwa na hakimiliki tena. Mwaka 1941 vituo vya redio vya Marekani viligombana na ASCAP, chama cha watunzi, vikakaa miezi bila kupiga nyimbo za wanachama wake. "Jeanie with the Light Brown Hair", wa Foster wa mwaka 1854, ulipigwa mpaka watu wakachoka.

Huku kwetu pia zilikuja kwa santuri. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis nchini Kenya wakiimba "Chemirocha", jina lililotokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa yodeli wa Marekani aliyekuwa mtu wa reli, ambaye sauti yake iliwafikia kwa gramafoni. Wafugaji wa kweli, wenye ng'ombe wa kweli, na kauboi amewajia kutoka kwenye sahani inayozunguka.

Alhamisi ijayo tunaanza na "Red River Valley". Nimembadilisha yule kijana wa besi. Anaimba baritoni.